Usirudishiwe Arbuni Ukanyamaza

Ndugu yangu uliyelipa arbuni ya gari kwenye yadi ya Ngong Road, kesho yake ukaambiwa, "Bei imepanda, chukua hela zako," usiinamishe kichwa! Ahadi ni deni, na deni hulipwa.

Zaburi ya 15 inamsifu mtu anayeshika neno lake hata linapomtia hasara. Sura ya Al-Maida inafungua kwa kuwaamuru waumini watimize mikataba. Kanisani tunaitikia amina, msikitini tunaitikia amin. Mbona tukifika kwenye geti la yadi tunasahau?

Sheria ya Kenya haijasahau. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inaitambua arbuni kuwa inafunga mapatano. Muuzaji aliyekubali bei na kupokea arbuni hana ruhusa ya kukugeuka eti amekuja mwenye mfuko mnene. Mlipatana shilingi 850,000, na gari kama lile sasa linauzwa 930,000? Basi haki yako haiishii kwenye arbuni. Ile tofauti ya 80,000 ni hasara aliyokutia, mdai! Na kama gari lenyewe bado limeegeshwa pale, unaweza kuiomba mahakama imwamuru akukabidhi.

Lakini jiandae. Fungua hati ya mauziano: bei imeandikwa? Namba ya chesisi ipo? Muuzaji ametia sahihi? Ujumbe wa M-Pesa usiufute. Yasome pia maandishi madogo ya chini, maana humo ndimo wengine hujiwekea mlango wa kutokea. Na akikuletea karatasi ya kukiri kwamba huna madai tena, usiisaini kwa pupa ya kurudishiwa chako.

Mwandikie barua ya madai, mpe siku za kutimiza. Akikaidi, nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hulazimiki kuwa na wakili, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60.

Nanyi wenye yadi, ogopeni Mungu! Mnayemgeuka ni mwalimu aliyekopa sacco, ni mama aliyeuza ng'ombe.

Ewe mnunuzi, anayevunja mapatano anategemea uchovu wako na haya zako. Mnyime vyote viwili. Ukinyamaza, umemfundisha kumfanyia hivyo hivyo atakayekuja baada yako. Barua hiyo iandike leo!