Picha Ni Deni

Swali ninaloleta hapa ni fupi lakini limenisumbua miaka mingi. Ukinipiga picha, picha ile ni ya nani? Ya kwako uliyeshika kamera, au ya kwangu mwenye sura?

Sheria za nchi nyingi zinasema picha ni ya aliyeipiga, au ya aliyemlipa aipige. Ukiuliza huku kwetu, iwe Nakivale au hapa Katwe, utajibiwa kwa mkato: sura yangu ni yangu, basi. Mimi si mpiga picha wa kazi. Nimepiga kwa kupenda tu, tangu 1987, nikaanza na mikanda ya filamu kule Bukavu, na sasa natumia simu hapa Kampala. Kwa miaka yote hiyo nimeona majibu haya mawili yanaacha kitu. Jibu langu ni kwamba picha ya mtu ni deni. Anayepiga amekopa, na mkopo hurudishwa.

Hebu nieleze nilivyofika hapo, maana sikukipata kitabuni.

Mjomba wangu alikuwa na studio ndogo Kadutu. Mkanda, au pelikule kama tulivyouita, ulikuwa na picha 36. Ukiufunga vizuri kwenye kamera unapata 37. Mkanda ulinunuliwa, dawa zilinunuliwa, karatasi zilinunuliwa, kwa hiyo hukubonyeza ovyo. Mikanda ya rangi tuliipeleka mjini. Ile ya nyeusi na nyeupe tuliisafisha wenyewe gizani: dawa ya kwanza ya kuitoa picha, halafu maji, halafu dawa ya pili ya kuishikiza isiharibiwe na mwanga, kisha unauosha mkanda na kuuanika kwenye kamba kama nguo. Karatasi tulizichapa chini ya taa nyekundu.

Lakini kitu kilichonifundisha zaidi si dawa wala kamera. Ni daftari la mjomba. Kila mteja aliandikwa: jina, mtaa, alichotanguliza, kilichobaki. Kwa mjomba picha ilikuwa haijaisha mpaka imefika mkononi mwa mwenyewe. Asiyekuja kuichukua, mimi nilitumwa kwake na bahasha, mguu kwa mguu, hadi Bagira.

Na angalia jinsi filamu ilivyogawa mali. Picha moja ilizaa vitu viwili. Negativu ilibaki studio, kwenye bahasha yenye namba. Karatasi ilikwenda kwa mwenye sura. Yeye hakuweza kuchapa nyingine bila sisi, na sisi tusingepata pesa ya mkanda mwingine bila yeye. Hakuna aliyekaa kufikiri juu ya haki. Vitu vyenyewe vilitulazimisha kurudiana.

Habari kama hizi ziko nyingi Afrika yetu. Samuel Fosso alikimbia vita vya Biafra akiwa mtoto, akafika Bangui kwa mjomba wake, na mwaka 1975, akiwa na miaka 13, akafungua studio yake. Wateja wakishaondoka, mkanda ulibaki na nafasi chache. Alizimaliza kwa kujipiga mwenyewe, na picha akazituma Nigeria kwa bibi yake, aone kwamba mjukuu yuko salama. Leo picha hizo ziko kwenye makumbusho makubwa duniani. Mwanzo wake ni mtoto wa vita anayemwambia bibi, mimi niko hai.

Hapa Uganda kuna studio ya Gulu iitwayo Gulu Real Art Studio. Mashine yake ya picha za pasipoti ilitoa picha nne kwa mara moja, na wateja wengi hawakuhitaji zote. Basi fundi, Obal Denis, akaona nafuu kupiga picha moja ya kawaida, mtu amekaa kitini, halafu anakata kipande cha uso na kumpa mteja. Mabaki yakabaki studio: suti, magauni, mikono imetulia magotini, na tundu la mraba pale uso ulipokuwa. Mpiga picha Mwitalia, Martina Bacigalupo, aliyakusanya, na mwaka 2013 yakawa kitabu. Watu wa mbali wanayaogopa wakiyaona, wanafikiria vita. Mimi nikiyaangalia naona deni lililolipwa. Nyuso hazipo kwa sababu wenyewe walishazichukua.

Sasa tuje kwenye dijitali. Kamera ya kwanza ya namna hiyo ilitengenezwa na Steven Sasson, injinia wa Kodak, mwaka 1975. Ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Januari 2012 Kodak yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Katikati ya miaka hiyo, mimi nilifika Kampala baada ya mapigano ya Bukavu ya 2004, nikanunua kamera ndogo ya dijitali iliyotumika, na siku ya kwanza nikapiga picha mia mbili pale karibu na Old Taxi Park. Mia mbili! Kwa filamu ingekuwa mikanda sita.

Wenzangu wa zamani wanalalamika kwamba dijitali imeua uzuri wa picha. Sikubaliani nao. Kuna picha za simu nzuri kuliko zangu zote za filamu. Ninacholalamikia ni kingine. Dijitali imeondoa ule mgawo. Hakuna tena negativu yangu na karatasi yako. Kuna faili moja, nayo imebaki mfukoni mwangu. Kwa kuwa hainigharimu, sina sababu ya kukutafuta unilipe. Kwa kuwa hukunilipa, huna sababu ya kunitafuta uichukue. Tunaachana pale pale barabarani, mimi na sura yako, wewe mikono mitupu.

Ukitaka kuliona jambo hili wazi, nenda kwenye makazi ya wakimbizi. Nakivale ilianza 1958, na tangu hapo wageni wangapi wamepita na kamera? Tumepigwa kwenye foleni ya chakula, kisimani, siku ya kuwasili tukiwa na vumbi la lori. Mzee mmoja ninayemtembelea huko aliniuliza, "Picha zangu zote zinakwendaga wapi, mwanangu? Nina umri huu na sina hata moja ya kuweka kwenye jeneza." Sikuiona kama mzaha.

Najua hapa mfanyakazi wa shirika ananiuliza: je, picha ya mateso si huleta msaada? Huleta, na sisi Wakongo tunajua kuliko wengi. Mei 1904, kule Baringa, Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala wa Wala akiwa ameketi, anaangalia mkono na mguu wa binti yake Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha ile ilionyeshwa kwenye kumbi za Uingereza na Marekani, ikawa sehemu ya shinikizo lililomfanya Mfalme Leopold aiachie Kongo mwaka 1908. Siwezi kusema bora isingepigwa. Lakini ona kitu kimoja: miaka zaidi ya mia imepita na tunalijua jina la baba, na jina la mtoto. Picha ilisema ukweli juu ya mtu fulani, na mtu huyo hakugeuzwa kuwa "Mwafrika anayeteseka" tu.

Linganisha na picha ya Kevin Carter ya mwaka 1993, kule Ayod, Sudan: mtoto ameinama, na tai amesimama nyuma yake. Ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1994. Miaka na miaka dunia ilisema ni msichana. Mwaka 2011 waandishi kutoka Hispania walifika Ayod wakaambiwa na familia kwamba alikuwa mvulana, Kong Nyong, na kwamba njaa ile haikumuua. Aliishi miaka mingine mingi. Dunia nzima ilimlilia mtoto bila kuuliza anaitwa nani.

Basi deni halilipwi kwa karatasi peke yake. Kuna kurudisha picha yenyewe. Kuna jina, au kulificha jina kama mwenyewe ana sababu ya kujificha, na sisi tuliokimbia tunajua sababu hizo. Na kuna maneno ya kweli chini ya picha. Binti wa ndugu yangu alipigwa picha kisimani. Baadaye ilionekana kwenye kalenda ya shirika moja, na chini yake imeandikwa kwamba ni yatima. Mama yake yu hai. Ndiye aliyesomewa maandishi yale, akiwa amemshika mtoto mkono. Hakuna aliyemjibu mama huyo mpaka leo.

Utaniambia siku hizi kuna fomu ya ridhaa, watu wanatia sahihi. Fomu ni nzuri, isiachwe. Lakini sahihi ya mtu aliye kwenye foleni ya maharage, mbele ya mtu mwenye fulana ya shirika, kwenye karatasi ya lugha asiyoisoma, ina uzito gani? Na hata sahihi ikiwa ya hiari kabisa, si malipo. Anayekubali kukukopesha bado anakudai. Nikikuazima baiskeli yangu kwa moyo mweupe, utaniletea.

Wala tusiwatupie wageni mawe peke yao. Sisi kwa sisi tunapigana picha hospitalini, matangani, jirani akigombana na mkewe, na dakika hiyo hiyo imeshaingia kwenye magrupu ya WhatsApp. Simu haijali nani ni mkimbizi na nani ni afisa. Aliyebonyeza ndiye mdaiwa.

Kuna mpaka wa jambo hili, niuseme. Askari anayempiga raia, ukimpiga picha humdai wala hakudai. Picha ile ni ushahidi, na deni lake ni kwa aliyepigwa. Na asiyetaka kupigwa picha, akisema hapana, hapo hakuna mkopo uliofunguka. Unashusha kamera, mnaendelea na mazungumzo.

Nisiseme pia kwamba wakati wa filamu watu walikuwa wema kuliko sasa. Baada ya 1994, kwenye kambi za Goma, watoto waliopotezana na wazazi walipigwa picha, na picha zikabandikwa kwenye mbao ili mama apite na kusema, huyu wangu. Sijaona matumizi bora ya kamera kuliko hayo. Mlengwa wa picha alikuwa mtu mmoja tu duniani. Kazi hiyo simu ingeifanya kwa haraka zaidi, na mara nyingine inaifanya.

Mimi mwenyewe nimeona. Nilipotoka Bukavu niliacha kamera, nikabeba negativu, maana ni nyepesi, zinaingia kwenye mfuko wa koti. Miaka mingi zilikaa ndani ya bati la biskuti. Kisha kijana mmoja wa jirani akanionyesha njia: unawasha simu moja iwe na mwanga mweupe, unalaza negativu juu yake, unaipiga kwa simu ya pili, halafu programu inageuza weusi kuwa weupe. Ya kwanza kutoka ilikuwa arusi ya mwaka 1993, jirani yetu na mkewe. Yeye alikufa vitani, nyumba iliungua na kila kitu. Mkewe yuko Nakivale. Nikamtumia.

Akanipigia simu jioni ile. Alikuwa anacheka na kulia. Alisema, "Watoto hawaamini kwamba baba yao alikuwa mwembamba hivi." Halafu akaniomba ya karatasi, kwa kuwa simu huvunjika na chaji huisha. Nikaichapa mjini, kwa bei ya chapati mbili, nikaipa basi la Mbarara ndani ya kitabu isikunjike, na mtu akaipokea na kuifikisha.

Kwa hiyo kifaa kile kile kilichoondoa mgawo kinaweza kuurudisha, tena kwa bei ndogo kuliko zamani. Visingizio vimepungua. Mfanyakazi wa shirika, ukirudi safari ijayo, njoo na bahasha ya picha za safari iliyopita, na umsomee mwenye sura, kwa lugha yake, kile mlichoandika chini. Kijana mwenzangu wa simu, kabla hujabonyeza, jiulize utairudishaje. Ukikosa jibu, pengine hiyo picha iache.

Waganda wanaiita picha ekifaananyi, kitu kinachofanana, na sisi wa Kiswahili tunasikia humo neno letu la kufanana. Kama kinafanana na mtu, basi kuna mtu, naye yuko mahali fulani.

Nimenunua daftari kama la mjomba. Nimeorodhesha bahasha 61, na hadi sasa nimewapata wenyewe wa 22. Wengine najua wamefariki, na hapo natafuta watoto wao. Kama wewe au wazazi wako mlipigwa picha Kadutu kati ya 1987 na 2004, karibu na soko, na kijana mrefu mwenye kamera ya mkanda wa kahawia, waachieni ujumbe wahariri wa jarida hili. Huenda ninayo. Hamtalipa kitu.