Je, Usawa ni Kuvaa Sare Moja?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Baada ya darsa ya Alhamisi, mzee mmoja katika wasikilizaji wetu alibaki nyuma mpaka watu wakatawanyika, kisha akatuuliza: "Sheikh, binti yangu amepata nafasi katika skuli ya sekondari ya serikali huko bara. Lakini wamemwambia mtandio auache langoni. Nimtoe, au nimwache?" Hatukumjibu palepale. Tulimwomba atupe muda, kwani swali lake si la kitambaa peke yake. Ndani yake mna swali la uadilifu, ambalo watu wetu hulizungumza barazani kwa hasira zaidi kuliko kwa elimu: je, kuwatendea watu sawa ni kuwatendea vilevile?

Tumeona bora tulijibu kwa kisa cha Isiolo, kwa sababu huko hoja za pande zote zilisemwa waziwazi mbele ya majaji, na mwenye kutaka kupima anaweza kupima.

Isiolo ni mji wa njia panda. Wamo Waborana na Wasakuye. Wamo Wasomali, ambao baadhi ya wazee wao walikuwa askari waliopata makazi hapo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Wamo Wameru, Waturkana na Wasamburu. Muislamu na Mkristo huko ni majirani wa mlango kwa mlango. Katika mji huo iko skuli ya serikali ya St. Paul's Kiwanjani, ya kutwa, ya wavulana na wasichana, ambayo mdhamini wake ni Kanisa la Methodisti. Mwezi wa Juni 2014, Naibu Gavana wa Isiolo aliomba hadharani kwamba wasichana wa Kiislamu wa skuli hiyo waruhusiwe kuongeza mtandio na suruali nyeupe juu ya sare yao. Angalia neno hilo: kuongeza. Hakuna aliyetaka sare ivuliwe. Kanisa likapinga, likaenda mahkamani. Mzazi mmoja Muislamu naye akaingia katika kesi kuwatetea mabinti.

Tarehe 5 Machi 2015, Mahkama Kuu iliyokaa Meru, chini ya Jaji Makau, ililipa Kanisa ushindi, ikaona kwamba kuwaruhusu wasichana hao ni kuwabagua wenzao wasiokuwa Waislamu. Tarehe 7 Septemba 2016, Mahkama ya Rufani iliyokaa Nyeri, yaani majaji Waki, Nambuye na Kiage, iliipindua hukumu hiyo. Ikasema kwamba kanuni inayoonekana moja kwa wote yaweza kuwa na ubaguzi ndani yake, na kwamba skuli iweke nafasi ya kumpa ruhusa mwanafunzi ambaye dini yake yamtaka vazi la ziada. Kisha mwezi wa Januari 2019, Mahkama ya Juu, kwa wingi wa majaji, na Jaji Ojwang akihitilafiana nao, iliiondoa hukumu ya Rufani. Wengi wetu walisikia habari hiyo wakasema, "Basi, mtandio umeharamishwa." Sivyo. Mahkama ya Juu haikuamua kama mtandio ni haki au si haki. Ilisema tu kwamba dai la mzazi yule halikuletwa kwa njia yake ya kisheria. Asiyesoma hukumu asiitangaze, kwani habari isiyohakikishwa ni fitina.

Sasa tuzitazame hoja zenyewe.

Hoja ya kwanza ni ya usawa. Wanasema: sare ni sare, tajiri na maskini, Muislamu na Mkristo, wote wavae nguo moja, ndipo wajione watoto wa mama mmoja. Ukimruhusu huyu aongeze, yule atauliza mbona mimi sikuruhusiwa. Hoja hii si ya kudharauliwa. Sare imemsitiri mtoto wa fukara asichekwe viatu na shati lake, na jambo lenye heri kama hilo hatulikatai.

Lakini tuitazame safu yetu msikitini. Kusimama katika sala ya faradhi ni nguzo kwa kila mwenye kuweza. Hata hivyo mgonjwa huketi, na asiyeweza kuketi hulala ubavu. Je, mmewahi kumsikia mtu mzima wa afya akilalamika kuwa ameonewa, kwa kuwa jirani yake ameketi naye amesimamishwa? Na je, safu imevunjika kwa sababu mmoja ameketi ndani yake? Safu ni ile ile, kibla ni kile kile, imamu ni yule yule. Lau imamu angesema, "Leo wote wasimame, hata mgonjwa, ili tuwe sawa," tungemwona kuwa hajui dini wala hana huruma. Amri yake ingekuwa moja kwa maneno, lakini mizigo ingekuwa miwili: kwa mzima si mzigo, na kwa mgonjwa ni adhabu.

Na hivi ndivyo ilivyo kanuni ya kukataza mtandio. Kwa msichana ambaye dini yake haimwamrishi kujifunika, kanuni hiyo haina uzito wowote, kwani haimnyimi kitu alichokuwa akikihitaji. Kwa msichana anayeamini kuwa ni wajibu wake kwa Mola wake, kanuni hiyo hiyo inamtaka kila asubuhi achague baina ya somo na dhamiri. Wanazuoni wetu wamefafanua dhulma kuwa ni kukiweka kitu pasipo mahali pake. Basi kipimo cha uadilifu kiangalie kile kinachowaangukia watu, kisiishie katika kuangalia kama maneno ya kanuni ni mamoja.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na tunaisikitikia kwamba wengi wetu huiruka. Wanasema: Kanisa ndilo lililoidhamini skuli, je, mgeni humpangia mwenye nyumba? Sisi watu wa wakfu tunapaswa kuielewa hoja hii kuliko watu wote. Kwetu sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa sana, hata mafakihi wakalifananisha na nassi. Lau mzee wetu ameweka kisima kwa ajili ya wasafiri, sisi hatukigeuzi kuwa cha biashara kwa kuwa zama zimebadilika.

Jawabu lake ni hili. Mafakihi hao hao walisema kwamba sharti linalopingana na makusudio ya wakfu halifuatwi. Makusudio ya skuli ni kusomesha. Na skuli hii si chuo cha Kanisa cha kufundishia mapadri. Ni skuli ya umma, na watoto wa raia wote huingia humo kwa haki yao ya uraia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imempa mdhamini nafasi ya kulea mambo ya kiroho, lakini imemwekea sharti la kuihifadhi dini ya wengine. Na Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 32, imekataza mtu kunyimwa kuingia katika taasisi kwa sababu ya imani yake. Basi mdhamini anastahili shukrani, na sisi tunamshukuru, maana wako watoto wetu waliojua kusoma kwa sababu yake. Lakini shukrani haimfanyi kuwa mmiliki wa nafsi za watoto hao.

Hoja ya tatu haisemwi mahkamani. Hukaa vifuani mwa wenye madaraka. Nayo ni hofu ya lawama. Mwalimu mkuu hujua kuwa msichana yule hamdhuru mtu kwa mtandio wake. Lakini huogopa: nikimruhusu, hawa watasema nimewapendelea Waislamu, nikimkataza kwa jina la dini yake, wale watasema namchukia. Basi husema, "Tunafuata kanuni, hatumwangalii mtu." Hivyo husalimika na lawama za wakubwa, na msichana ndiye anayelipa gharama. Neno usawa mdomoni mwake halitoki katika mapenzi ya uadilifu, bali ni ngao ya kujikinga. Umma una haki ya kulikataa jambo hili na kulipinga kwa sauti, kwani madaraka ni amana, na mwenye amana huulizwa alichokifanya, haulizwi kama alisalimika na maneno ya watu.

Hapa huenda msomaji wetu anatikisa kichwa kwa kuridhika. Asubiri kidogo, kwani mizani tuliyoishika ina pande mbili.

Katika Sura ya An-Nisaa tumeamrishwa kusimama na uadilifu ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu na jamaa zetu, na katika Sura ya Al-Maida tumekatazwa chuki ya watu isitupeleke katika kutofanya uadilifu. Basi tujiulize. Katika skuli ambayo sisi ndio wengi, au sisi ndio wadhamini, tunamtendea vipi msichana Mkristo, Mturkana au Mmeru? Je, tunamlazimisha avae mtandio ambao dini yake haikumwamrisha, kisha tunaita jambo hilo adabu ya skuli? Je, tunampa nafasi ya kusali sala yake? Tukisema, "Hapa ni kwetu, afuate yetu," basi tumeichukua hoja ile ile ya Isiolo tuliyoilalamikia, tukaigeuza kuwa yetu. Anayedai haki kwa watu wake peke yao hakudai haki. Amedai zamu ya kutawala.

Na mwaka huo huo wa 2019, mwezi wa Septemba, Mahkama Kuu ya Nairobi, chini ya Jaji Mwita, iliamua kwamba msichana wa dini ya Rastafari asifukuzwe skuli ya sekondari ya Olympic kwa sababu ya nywele zake. Tuliwasikia baadhi ya watu wetu wakicheka na kusema, "Hata hao nao?" Naam, hata hao. Sisi hatuiungi mkono itikadi yao, na Mwenyezi Mungu ndiye atakayehukumu baina ya waja wake. Lakini mlango aliopitia binti yule ndio tunaotaka binti zetu wapitie. Hatuwezi kuufungua kwa mkono mmoja na kuufunga kwa mwingine.

Kuhusu namna ya kupinga, tunasema bila kuficha: mzazi wa Isiolo aliyekwenda mahkamani, akashindwa, akashinda, kisha akashindwa tena, amewafaa Waislamu kuliko kijana anayepiga mawe madirisha ya darasa. Kesi yake imetuachia maneno ya majaji wa Rufani, ambayo hata baada ya hukumu yao kuondolewa yamebaki hoja ya kusomwa. Na imetuonyesha kosa la njia, ili atakayekwenda mara ya pili aende kwa mlango wake. Darasa likichomwa halimwachii mtu kitu, na wa kwanza kukosa mahali pa kukaa ni yule yule msichana tuliyesema tunamtetea.

Sasa tumrudie mzee wetu. Jawabu letu kwake, kwa kadiri ya ufahamu wetu, ni hili. Usimtoe binti yako ukamweka nyumbani. Kwanza nenda kwa mwalimu mkuu kwa maneno mazuri, kisha kwa halmashauri ya skuli kwa barua, uombe ruhusa ya kuongeza, wala usiombe sare ivunjwe. Wakikataa, mtafutie skuli inayoruhusu, na sisi katika darsa hii tutasaidiana nawe. Ikiwa haipatikani, basi asome. Ajisitiri kwa kadiri anavyowezeshwa, na atokapo langoni auvae mtandio wake, na dhima ya kulazimishwa iwe juu ya mwenye kumlazimisha. Msichana asiyesoma hatakuja kuwa mwalimu mkuu, wala wakili, wala jaji wa kulisimamia jambo hili kesho. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, aliwasihi wazee wetu washike dini yao bila kuiacha elimu ya zama iwapite. Tulichelewa kumsikia, na gharama yake tunailipa mpaka leo, kwani katika mabaraza yanayopanga kanuni za skuli za watoto wetu, viti vyetu ni vichache.

Mzee aliposikia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitamwambia asome, lakini barua nitaiandika leo hii." Tukamwambia hiyo ndiyo tuliyoitaraji.

Na wewe msomaji, ikiwa uko katika halmashauri ya skuli yoyote, ya Kiislamu au ya wengine, uitazame kanuni yenu ya mavazi kabla ya muhula ujao, na uulize inamwangukia nani.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.