Samaki Akiua

Mpwa wangu ana miaka tisa, na kuna swali aliniuliza ambalo bado linanisumbua: "Anko, samaki akiua, anapewa adhabu gani?"

Muuaji alikuwa wangu. Ni beta dume, mwekundu, mwenye mapezi marefu. Kwangu Kitale anaishi peke yake kwenye tangi la lita 20. Nilipopata safari ya siku nne, nilimtia kwenye ndoo yenye kifuniko, nikapanda naye matatu hadi Bungoma kwa dada yangu. Mpwa wangu alikuwa na gapi sita, wenye mikia ya rangi. Tangi la pili halikuwepo. Nikajiambia, si ni siku nne tu, watazoeana.

Niliporudi, gapi walikuwa wamebaki wawili, na mmoja hakuwa na mkia. Mtoto alikuwa ameshatoa hukumu: beta asilishwe mpaka ajue alichofanya. Alikuwa na siku mbili bila kula.

Nilitaka kucheka, lakini mimi pia nilikuwa nimetoka kumwambia dada, "Huyu samaki ni mkorofi." Hukumu ni ile ile, tofauti ni umri wa hakimu.

Beta asili yake ni Thailand na nchi za karibu, kwenye vidimbwi na mashamba ya mpunga. Dume hulinda eneo lake, na kwa vizazi vingi watu walichagua walio wakali zaidi, wakawazalisha ili wawapiganishe. Mkia mpana wa gapi unaweza kumchokoza kama wa dume mwenzake. Haya yote nilikuwa nimeyasoma kabla sijamnunua.

Kosa linahitaji mtu aliyeweza kuchagua. Gapi hawakumwalika mgeni. Beta hakuomba kubebwa na matatu. Kwenye maji mapana mnyonge hukimbia na ugomvi ukaisha, lakini kwenye tangi kila njia inaishia kwenye kioo. Aliyekuwa na uchaguzi alikuwa mmoja tu, na alikuwa safarini.

Sisi wa magharibi tunalijua jambo hili kwa ukubwa zaidi. Miaka ya 1950 mbuta alitiwa katika Ziwa Victoria, ambako hakuwa akiishi. Kufikia miaka ya 1980 fulu walikuwa wamepungua vibaya, na kuna aina ambazo hazijaonekana tena. Mpaka leo tunasema mbuta aliwamaliza fulu. Aliyebeba ndoo hatumtaji.

Utaniambia ni samaki tu. Sawa. Lakini kiumbe akishategemea mkono wako kwa kila kitu, udogo wake haupunguzi deni, unarahisisha tu kulikwepa. Na deni lenyewe halilipwi kwa kujuta. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, na beta anataka maji ya nyuzi 24 hadi 28. Kwa hiyo hita, hata kama tokeni za stima zinaisha haraka. Maji ya mfereji lazima yaondolewe klorini. Chakula ni punje mbili au tatu asubuhi na jioni, basi, kwa sababu kinachobaki huoza na kutoa amonia. Zamani nilikuwa namlisha mara tano kwa siku. Nilipenda anavyokimbia juu akiniona. Niliita hiyo mapenzi, kumbe nilikuwa najifurahisha mwenyewe.

Nilimwambia mpwa wangu kosa ni langu. Akafikiri kidogo. "Sasa ni wewe utanyimwa chakula?"

Nikasema hapana, nitanunua tangi la pili, likae hapa kwao.

"Hiyo si adhabu," akasema.

Sikubishana naye. Nilimpa kopo la chakula. Alihesabu punje mbili, akamwangalia beta kwa muda mrefu, kisha akazidondosha majini.