Mti wako unakunywa maji ya nani?

KWA MUDA mrefu nilikuwa nikiamini kwamba kupanda mti ni kheri isiyo na masharti. Na nani angenilaumu? Tangu madrasa tumefundishwa kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Lakini miti niliyoipanda Kalinzi imenifundisha kuwa lipo swali linalotangulia thawabu: mti wako unakunywa maji ya nani?

Ndugu msomaji, Kalinzi iko milimani, kaskazini ya mji wa Kigoma, kwenye barabara iendayo Manyovu. Watu wake wanalima kahawa na migomba. Mimi makazi yangu ni Ujiji, ila nina kishamba huko alichoniachia marehemu baba. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda mikaratusi bondeni mwa shamba, jirani na chemchemi wanayochota watu. Nilichagua pale kwa sababu udongo una unyevu. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nguzo za kuuza, ada za watoto, na thawabu juu yake.

Kiangazi kimoja, miti ikiwa imeshanizidi kimo mara tatu, chemchemi ikawa inatoka kama uzi. Bibi mmoja jirani nilimwamkia, akaitikia vizuri, kisha akasema: "Mwanangu, miti yako inakunywa kabla yetu." Hakugomba. Alijitwisha ndoo yake iliyojaa nusu akaondoka.

Nilianza kujitetea moyoni. Kwanza, mvua siku hizi hazitabiriki, na vilima vingi vya Kigoma vimebaki vipara kwa kilimo na kuni. Pili, shamba ni langu, na hati ya baba ipo. Tatu, si tuliambiwa tupande miti? Mradi wa TACARE ulioanzishwa na taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994 katika vijiji vinavyozunguka Gombe ulihimiza vitalu na miti ya kuni, ili watu wapunguze kukata msitu wa asili. Mkaratusi unakua haraka, na kila mzigo wa kuni unaotoka kwangu ni mzigo ambao haukutoka msituni.

Hoja zote hizo zina ukweli. Lakini hakuna hata moja inayomjibu yule bibi. Yeye hakuniuliza kama miti ni mizuri. Aliniuliza kuhusu zamu ya kunywa.

Hapa ndipo fiqhi yetu ilipo na jambo la kusema kabla ya wataalamu wa mazingira. Wanazuoni wa zamani walizungumzia harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambalo mtu hana ruhusa ya kulitumia kwa namna itakayodhuru maji. Walitofautiana juu ya ukubwa wake, hawakutofautiana juu ya msingi wake. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Mita zangu zilikuwa hazifiki 20.

Wapo wanaosema dawa ni moja: ng'oa kila mti wa kigeni, panda wa asili tu. Mimi naogopa kauli hiyo ikisemwa kijumla. Tukianza kufukuza wageni, tutamaliza shamba zima la Kalinzi. Kahawa yake asili ni Uhabeshi, ndizi ni Asia, mahindi na mihogo ni Amerika. Ujiji yenyewe inajulikana kwa miembe, na mwembe ulitoka upande wa India. Na sisi watu wa Ujiji ni nani? Waha, Wamanyema waliovuka ziwa, watu wa Pwani, Waarabu. Tuliokwisha kusikia mijadala ya uzawa tunajua neno hilo linavyoweza kugeuzwa panga.

Hata majina yanatudanganya. Mkwaju ni mti wa Afrika, lakini Waarabu waliuita tamri hindi, tende ya Kihindi.

Kwa hiyo tofauti iko wapi? Mtu aliyehamia ana akili, anaweza kushika ahadi na kulipa haki ya jirani. Mti hauna nia. Mkaratusi hauna dhambi, unafanya ulivyoumbwa: mizizi inatafuta maji. Mwenye kuulizwa ni aliyeuchagua na kuuchimbia shimo. Na mti wa asili una sifa moja ambayo si ya ukoo: umeshazoea mvua na kiangazi cha mahali pake, na ndege, nyuki na maji ya hapo vinaujua. Mgeni apokelewe, lakini apimwe kwanza, na asiketishwe mlangoni pa kisima.

Mimi siwezi kuapa kwamba chemchemi ilipungua kwa miti yangu peke yake. Ila nilijiuliza: shaka hii niibebeshe nani? Nikiendelea kusubiri yakini, anayelipa gharama ya kusubiri ni bibi mwenye ndoo. Nikikata, ninayelipa ni mimi. Nikaona aliyeleta shaka ndiye aibebe.

Nilikata mikaratusi yote ya bondeni, ingawa haijafika unene wa nguzo. Visiki vinachipua, kila nikienda nakata tena. Ya juu kilimani nimeiacha. Bondeni nimepanda mikuyu, ambayo wazee wa huko waliizoea karibu na maji. Ada ya mwaka ule nilikopa. Maji yameongezeka kidogo, hayajarudi kama zamani.

Nawe msomaji wa mjini usidhani haya ni ya wakulima. Tazama ua wa nyumba yako na uwanja wa msikiti wako. Mara ngapi bomba linamwagilia ukoka wa mapambo asubuhi, na adhuhuri watu wanatawadha kwa kopo? Mkwaju mmoja, ukishashika, unavumilia ukame, unatoa kivuli na ukwaju bila kumnyang'anya mtu udhu wake.

Tupande, tena sana. Lakini kabla ya kuhesabu thawabu, tumuulize jirani kama ndoo yake imejaa.

Wallahu a'alam.