Hodi katika nyumba isiyo na mtu

Hivi, ni halali mtu kwenda kutembea kwa raha katika mji ambao wenyewe walikimbia?

Chukueni Varosha, mtaa wa pwani wa mji wa Famagusta, kisiwani Kupro, Bahari ya Mediterania. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hoteli zake zilijipanga ufukweni na watalii wa Ulaya walijaa. Agosti 1974 jeshi la Uturuki likakaribia. Wakazi, wengi wao Wakupro wa Kigiriki, wakatoka mbio wakidhani watarudi baada ya siku chache. Jeshi likazungushia seng'enge, na miti ikaota ndani ya nyumba.

Mwaka 1984 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 550, lilikataa watu wasio wakazi wake kuhamishiwa humo. Lakini Oktoba 2020 utawala wa Wakupro wa Kituruki ulifungua sehemu ya mtaa huo kwa wageni. Leo mtu anakodi baiskeli, anapita kati ya maghorofa yaliyochakaa, anapiga picha. Kamba tu ndizo zinamzuia asiingie ndani.

Wako wanaosema, ubaya uko wapi? Mgeni haibi kitu, na watu wasipokwenda mji utasahaulika. Hoja hiyo ina uzito. Sisi wa kambini tunajua kusahauliwa kunavyouma.

Lakini kwetu mtu hupiga hodi. Hodi ni kukiri kwamba nyumba ina mwenyewe, na kwamba anaweza kujibu "karibu" au "ngoja kwanza". Kule Varosha anayesema karibu si mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye akija, anapita barabara ileile na kusimama nje ya kamba ileile na mtalii. Anaona dirisha la chumba alicholala utotoni, lakini mlango hawezi kuufungua. Macho ya mgeni peke yake si kosa. Kosa ni mwenyeji kugeuzwa mgeni.

Na uchungu huu si wa upande mmoja. Vita ileile iliwahamisha makumi ya maelfu ya Wakupro wa Kituruki kutoka kusini. Nao waliacha nyumba na mashamba.

Basi, aende au asiende? Mimi nasema aende, kwa sharti: aulize kwanza nyumba hii ni ya nani, na jibu alitafute kwa mwenyewe, ambaye huenda anaishi kilomita chache tu upande wa pili wa mpaka. Asiyetaka jibu hilo, fukwe nyingine zipo nyingi.

Na ninyi mnaotutembelea hapa na kamera, sharti ni hilohilo. Hema si nyumba tuliyoiacha, lakini lina watu ndani. Pigeni hodi, halafu msubiri kujibiwa.