Punda Wangu Hana Roho

Nina punda anaitwa Tabu. Anaishi daftarini, sikio moja limepasuka ncha, kope ndefu kama za bi harusi, na habebi mawe mpaka aimbiwe. Nimemchora kwa ubavu, kwa mgongo, akigoma, akipiga chafya. Nataka siku moja atembee kwenye televisheni vile wanavyotembea punda wa Lamu vichochoroni, kichwa chini, kwato zikijitafutia njia.

Ustadhi aliyenisomesha chuoni alimtazama, akacheka, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huyu akikudai roho Siku ya Kiyama, utaitoa wapi?"

Swali hilo halina mzaha. Hadithi zilizomo katika Bukhari na Muslim zinaeleza kwamba wenye kutengeneza sura za viumbe wataamrishwa wazitie uhai, na hawataweza. Sahaba Ibn Abbas alipojiwa na mtu aliyekula kwa kazi hiyo, alimshauri achore miti na visivyo na roho. Na sisi watu wa pwani ni Mashafii; Imamu Nawawi hapa hakulegeza. Wako Wamaliki wanaotenganisha sanamu yenye kivuli na picha isiyo nacho, lakini naona haya kuhama madhehebu kwa ajili ya punda.

Babu yangu alikuwa fundi wa nakshi. Milango yake ina maua, minyororo na majani. Jicho hata moja hulioni. Kwake ndiko nilikojua kwamba mstari unaweza kwenda. Jani linaanzia chini ya mwimo, linapanda, linajipinda, linazaa jani jingine, nawe unalifuata hadi juu bila kuambiwa. Baadaye nikamjua Lotte Reiniger, Mjerumani aliyekata karatasi kwa mkasi na mwaka 1926 akatoa filamu ya Mwanamfalme Achmed, visa vya Alfu Lela Ulela kwa vivuli vitupu. Nikamjua na Moustapha Alassane wa Niger, ambaye mwaka 1966, katika filamu ya katuni, alimpeleka rais wa vyura ziarani.

Sasa tazama kazi yenyewe. Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Mara nyingi tunachora 12, kila moja ikakaa mara mbili. Katika hizo 12 hakuna inayosogea. Mwendo hutokea kwenye pengo la kati, ndani ya mtazamaji, kwa macho ambayo si mimi niliyeyaumba. Watazamaji wakifumba macho, Tabu ni rundo la karatasi. Anayejidhania ametia uhai hajawahi kuhangaika na mwendo wa kwato nne.

Ustadhi akanijibu kwamba hata wachonga masanamu walijua gogo ni gogo. Hapo alinikamata, maana kujua peke yake hakumwokoi mtu. Lakini naona kinachokemewa ni kushindana. Al-Musawwir ni jina la Mwenyezi Mungu, limo mwisho wa Suratul Hashr. Hata Nabii Isa, Qurani inasema alipolipulizia umbo la ndege wa udongo, likawa ndege kwa idhini ya Mungu. Mshindani haombi idhini.

Tena kuna wanasesere wa Bibi Aisha. Katika Abu Dawud imepokewa kwamba miongoni mwao alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza: farasi na mbawa? Aisha akamkumbusha farasi wa Sulaiman, na Mtume akacheka. Kwa dalili ya wanasesere hao, wanazuoni wengi, wakali wakiwemo, waliviruhusu vitu vya kuchezea watoto.

Tabu namweka kundi hilo hilo. Ni wa kuchekesha watoto. Simtundiki ukutani, wala sichori mitume na malaika. Anayeona mlinganisho wangu hausimami, kwamba karatasi si mwanasesere, na aniletee dalili. Asinichanie daftari.