Majina Yasipotee
(Ezra 2:59–63)



Twasoma katika kitabu cha Ezra habari za watu waliorudi Yerusalemu kutoka uhamishoni. Walihesabiwa kwa jamaa zao. Lakini walikuwako walioshindwa kuonyesha mbari ya baba zao, na makuhani wengine waliotafuta majina yao katika orodha wasiyaone. Nao wakazuiliwa ukuhani mpaka neno lao liamuliwe. Wasomaji wengi huipita sura hii upesi, kwa kuwa ni majina matupu. Twawaomba mkae hapo kidogo, maana habari hii ni yetu.

Nchi ya Kilosa ni nchi ya njia. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikavuka mbuga ya Mkata, ambayo sehemu yake leo imo katika Hifadhi ya Mikumi, ikapanda bonde la Mkondoa kwenda Mpwapwa, Ugogo na Tabora. Na iliyorudi pwani haikuchukua pembe peke yake, bali na watu. Wengine waliuzwa Unguja, mpaka soko lile lilipofungwa mwaka 1873. Wengine walibaki katika vijiji vya njiani, wakaingizwa katika koo za mabwana zao. Utumwa wenyewe ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922 tu.

Kisha ikaja reli, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914. Yakaja na mashamba ya mkonge, kama yale ya Kimamba na Rudewa. Wakaletwa watu kutoka mbali kukata mkonge, wakaitwa manamba, kwa kuwa mtu alijulikana kwa namba aliyopewa. Litazameni neno hilo. Mtu aliyepewa jina na mama yake alifika kwetu akawa hesabu katika daftari la mwajiri, na wajukuu wake hata leo hukaa kati yetu wasijue kijiji alichotoka.

Ndugu zetu weusi wa Marekani, ambao mababu zao wengi walitoka magharibi ya Afrika, wanalijua jaribu hili. Katika hesabu za watu za 1850 na 1860 watumwa waliandikwa chini ya jina la bwana wao, kwa umri na rangi, nao karibu wote bila majina. Hesabu ya 1870, baada ya vita na uhuru, ndiyo ya kwanza iliyowaandika wote kwa majina. Basi wanaotafuta wazee wao hufika mwaka huo kama mtu afikaye ukutani. Lakini hawakukata tamaa. Hutafuta katika vitabu vya makanisa, katika hati za urithi, makaburini, na katika Biblia za nyumbani ambamo wazee waliandika waliozaliwa na waliokufa. Mwaka 1977 walianzisha chama chao cha historia na nasaba.

Mtu atasema: Je, Paulo hakumwonya Timotheo juu ya nasaba zisizo na mwisho? Alimwonya, naye alikuwa na haki, kwa maana nasaba ni fimbo mkononi mwa mwenye kiburi. Wapo katika sharika zetu wanaonyamaza wazee wanapohesabu koo, kwa kuwa wajua kwamba bibi yao aliletwa na kamba shingoni. Na wapo wengine wasiomtaja bibi huyo kamwe, ila siku ya ugomvi wa shamba. Ndipo humwambia mjukuu wake, Wewe si wa hapa. Neno hilo limewatoa watu katika mashamba waliyolima tangu utoto, na wengine limewatoa kanisani.

Lakini tazameni Mathayo alivyofanya. Katika nasaba ya Bwana wetu amewataja Tamari, na Rahabu, na Ruthu Mmoabi, na mke wa Uria. Angaliweza kuwaruka, wala hakuna ambaye angalimwuliza. Hatuoni basi kwamba kuficha kunamponya mtu. Wala kutangaza siri ya mwenzako bila ruhusa yake si ukweli, ni uovu wa ulimi. Mwalimu na aandike kile ambacho mwenyewe amekubali kiandikwe, wala daftari lisitolewe kwa mtu atafutaye ushahidi wa shamba.

Kazi hii haingoji. Mkondoa ulipovunja kingo zake Desemba 2009 na Januari 2010, nyumba nyingi za Kilosa zilianguka, na karatasi za watu zikaenda pamoja na vyombo vyao. Mchwa nao hawana haraka, lakini hufika.

Anzeni na mama wazee, maana katika koo za Wakaguru, Wasagara na Wavidunda mtu huhesabiwa kwa mama yake. Andikeni jina la ubatizo na la nyumbani pia, kwa kuwa akina Yohana ni wengi. Kwa asiyejua kwao msiache mstari mtupu: andikeni aliyemlea, na waliomsimamia siku ya ubatizo. Tumieni wino, si kalamu ya risasi. Nakala moja ikae ushirikani, ya pili ipelekwe kwa mkuu wa jimbo, na zote mbili ziwekwe mahali palipo juu kuliko alama ya maji yale.